Skii kwa familia bila kuvunja kibubu: mwongozo kamili kwa tunaoishi Denver na Aurora

Kila mwaka ikikaribia Krismasi simu yangu hujaa swali lilelile: "Kaka, Jumamosi hii tunataka kuwapeleka watoto kwenye theluji. Njia ya bei nafuu ni ipi?" Jibu langu huwaudhi watu. Kwa Jumamosi hii, haipo. Ilikuwepo Septemba.

Hapo ndipo tunapokwama mwaka hadi mwaka. Dirishani pale Vail, mlima wa skii wenye jina hapa Colorado, tiketi ya siku moja ya mtu mzima imeshavuka dola 300 katika siku za kilele. Aliyenunua pasi ya siku chache mwezi Oktoba anateleza mlima huohuo, siku hiyohiyo, kwa sehemu tu ya pesa hiyo.

Nami nililipa ada ya ujinga. Mwaka wetu wa kwanza hapa Colorado tulifika kwenye mlima mmoja saa 5 asubuhi, watu wanne, watoto wamevaa jinzi. Tukanunua tiketi dirishani, tukakodi vifaa palepale mlimani. Baada ya dakika 40 binti yangu alikuwa analia kwa baridi, na siku iliyobaki tulishinda ndani tukinywa chokoleti ya moto, kikombe kimoja kwa bei ya kilo ya nyama. Haya yafuatayo ndiyo niliyojifunza tangu siku ile.

Nimeandika nikiifikiria familia yenye watoto wa shule ya msingi, inayoishi Denver, Aurora au vitongoji vya jirani, ambayo haijawahi kuteleza au imejaribu mara moja ikakata tamaa.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Ripoti ya shule au barua inayoonyesha darasa la mtoto, uthibitisho kwamba mnaishi Colorado, na picha ya uso ya kila mtoto.
- Urefu na uzito wa kila mmoja, pamoja na urefu wa nyayo kwa sentimita.
- Kwa kila mtu: suruali na koti lisilopitisha maji, nguo ya ndani ya kubana (juu na chini), sweta ya flisi, jozi mbili za soksi ndefu nyembamba za sufu (moja ya akiba), glavu zisizopitisha maji, kitambaa cha shingo, kofia ngumu na miwani ya theluji.
- Chupa za chai, vyombo vya chakula, mafuta ya kukinga jua, Vaseline.
- Gari lenye matairi yanayofaa, au nauli ya basi au treni.
- Kadi za bima ya afya. Mtu akivunjika mguu, mara nyingi waokoaji wa mlimani humteremsha bila malipo, lakini gari la wagonjwa linalomsubiri chini lina bei yake.

Ukiiona orodha hii usikimbilie dukani. Zaidi ya nusu yake haitakiwi kununuliwa mpya, na baadhi haitakiwi kununuliwa kabisa.

## Hatua ya 1: Chagua siku, kisha chagua mlima

Chukua kalenda ya shule mwezi Septemba. Futa wiki ya Krismasi na Mwaka Mpya. Futa wikendi ya Martin Luther King, ile yenye Jumatatu ya tatu ya Januari. Futa pia ya Siku ya Marais, yenye Jumatatu ya tatu ya Februari. Siku hizo bei hupanda, foleni za lifti huwa ndefu, na pasi nyingi za bei nafuu hazikubaliki.

Tafuta siku ambazo shule imefungwa lakini ofisi ziko wazi, kama siku za mafunzo ya walimu. Shule zetu zina siku hizo kadhaa kila msimu, na nyingine huangukia Ijumaa au Jumatatu. Hizo ndizo dhahabu.

Usiidharau Aprili. Watu wa hapa huwa wameshachoka na theluji wanawaza bustani, kumbe mlimani bado ipo tele na jua limeshakuwa la kirafiki. Mlima wa Loveland huendelea hadi Mei, na Arapahoe Basin mara nyingi hugusa Juni. Kwa mtoto aliyezaliwa Mombasa au aliyelelewa na mama wa Mombasa, siku ya nyuzi 5 juu ya sifuri ni bora kuliko siku ya 15 chini yake.

Umefaulu hatua hii ukiwa na tarehe tatu zilizoandikwa, na mwajiri wako anazijua.

## Hatua ya 2: Waandikishe watoto mapema

Hii ndiyo hatua inayookoa pesa nyingi kuliko zote, nayo ndiyo wengi hawaijui.

Epic SchoolKids ni mpango wa watoto wanaoishi Colorado, kuanzia chekechea hadi darasa la 5. Mtoto hupewa hadi siku 4 katika kila mmoja wa milima mitano: Vail, Beaver Creek, Breckenridge, Keystone na Crested Butte. Hizo ni siku 20 bila kulipia lifti. Anayeanza hupata pia somo moja la bure pamoja na vifaa vya siku hiyo. Tatizo ni kwamba dirisha la kuandikisha hufungwa wakati wa vuli, wakati wengi wetu hata hatujaiwaza theluji.

Ski Passport ya Colorado Ski Country USA, chama cha milima ya skii ya Colorado, ni ya darasa la 3 hadi la 6. Hii ina ada, lakini kwa misimu ya karibuni haijafika dola 100, na inafungua milima mingi ambayo mpango wa kwanza hauigusi: Loveland, Copper na mingine. Baadhi ya milima ina siku ambazo pasi hii haifanyi kazi, kwa hiyo linganisha na tarehe zako tatu kabla ya kulipa.

Mtoto wa darasa la 3, 4 au 5 anaweza kuwa na zote mbili. Walio wadogo zaidi wana nafuu yao: Loveland na Winter Park hawatozi tiketi ya lifti kwa mtoto wa miaka 5 kurudi chini, na ile mitano ya Epic kwa wa miaka 4 kurudi chini.

Tahadhari: pasi ya mtoto haimfuniki mzazi. Nimemwona baba aliyefika na watoto watatu wenye pasi, yeye hana kitu, akalipa dirishani peke yake zaidi ya alichookoa kwa wote watatu.

## Hatua ya 3: Usiende kwenye mlima wenye jina

Mtu anayeanza hutumia siku yake ya kwanza kwenye kipande cha mteremko kisichozidi uwanja wa mpira, akipandishwa na zulia la umeme. Ukilipia maelfu ya ekari za Vail ili utumie kipande hicho, umekodi basi zima kwa safari ya mtu mmoja.

Kwa kuanzia, mimi hupendekeza Loveland. Ipo kama maili 55 magharibi ya Denver, kando kabisa ya barabara ya I-70, kabla ya kuingia handaki la Eisenhower. Maegesho ni bure. Upande unaoitwa Loveland Valley umetengewa wanaojifunza, kwa hiyo hakuna kijana atakayekupita kama risasi ukiwa bado unatafuta miguu yako. Hakuna hoteli pale, wala maduka ya vito, na ukosefu huo ndio unaoshusha bei.

Echo Mountain, juu ya Idaho Springs, ni ndogo zaidi na karibu zaidi. Inafaa kwa jioni moja ya kujaribu. Eldora, nyuma ya Boulder, ina sifa nyingine nitakayoitaja kwenye usafiri.

Jambo moja la mwili. Denver iko mita 1,600 hivi juu ya bahari, na chini ya lifti za Loveland ni karibu mita 3,290. Wanaopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hulala Mandara, mita 2,720, kisha Horombo, mita 3,720, na wengine huongeza siku ya kuzoea. Wewe unapanda kwa gari kwa saa moja na nusu, tumbo limejaa. Maumivu ya kichwa na kichefuchefu si ajabu. Kunyweni maji tangu jana yake, na mtoto akilalamika kichwa kinamgonga mpumzisheni. Akizidiwa teremkeni, bila kujali tiketi ilikuwa bei gani.

## Hatua ya 4: Nguo ni mitumba na kuazima

Sisi ndio mabingwa wa mitumba, sijui kwa nini tukifika Marekani tunaona aibu. Maduka ya mitumba ya Arc na Goodwill hapa Denver huwa na suruali na makoti ya theluji ya watoto kuanzia Septemba. Mengine yamevaliwa msimu mmoja tu, kwa sababu mtoto wa hapa naye hurefuka. Oktoba na Novemba shule na vilabu huandaa masoko ya vifaa vilivyotumika. Fika mapema, na uwe na vipimo mkononi.

Kanuni yangu: nguo ya nje iwe ya mitumba, soksi na glavu ziwe mpya na nzuri. Koti la dola 12 linafanya kazi sawa na la dola 300 kama halipitishi maji. Glavu ya bei rahisi iliyolowa huimaliza siku saa 4 asubuhi. Watoto wadogo wavalishe glavu zisizotenganisha vidole, zile za mfuko, kwa sababu vidole vikikaa pamoja hupashana joto.

Pamba ni adui. Fulana ya pamba hunyonya jasho, jasho hupoa, mtoto hutetemeka huku koti lake ni zito. Nguo ya ndani iwe ya sufu au ya poliesta. Zile za michezo za shule zinatosha.

Kofia ngumu usinunue ya mitumba. Ikishapigwa mara moja kwa nguvu povu la ndani hupasuka, na kwa nje huwezi kuliona. Kodi, au nunua mpya ya bei ya chini.

Jaribio la kujua umefaulu: mvalishe mtoto kila kitu, mtoe nje usiku wa Novemba, mkae dakika 20 mkicheza. Akirudi mikono yake ina joto, umemaliza. Kama mikono ni baridi, bora ujue ukiwa uani kwako.

## Hatua ya 5: Kodi vifaa kwa msimu, na mjini

Kukodi mlimani asubuhi ya safari ni ghali, na kunakula saa nzima ya siku uliyoilipia. Maduka mengi ya Denver, Lakewood na Aurora hukodisha vifaa vya watoto kwa msimu mzima: mbao, buti na fimbo, mara nyingi kati ya dola 100 na 200. Ukienda mara tatu pesa imerudi. Vya watoto humalizika mapema, na Septemba ndiyo bado saizi zote zipo. Mzazi atakayeenda mara moja au mbili akodi kwa siku, lakini kwenye duka la mjini, jioni ya jana yake. Maduka mengi hayahesabu jioni hiyo kama siku.

Sasa kaa nami hapa kidogo, kwa sababu buti ndizo zinazowafanya watu wachukie skii.

Buti za skii hupimwa kwa sentimita za unyayo. Msimamishe mtoto pekupeku juu ya karatasi, kisigino ukutani, chora mstari mbele ya kidole kirefu, pima. Sentimita 20.5 ni buti ya 20.5. Wengi wetu tunafikiri kama mama zetu walivyotununulia viatu vya shule: chukua kikubwa, atakikulia. Kwenye buti ya skii hilo ni kosa. Mguu ukielea ndani, mtoto anapinda goti lakini mbao haigeuki, anaanguka bila kujua kwa nini, na ugoko unasuguliwa hadi unachubuka.

Muulize fundi alitoe lile soksi nene la ndani ya buti. Mtoto aingize mguu kwenye ganda tupu, vidole viguse mbele. Nyuma ya kisigino pawe na nafasi ya kidole kimoja cha mtu mzima, au kimoja na nusu. Kisha rudisha la ndani, funga vizuri. Akisimama wima vidole viguse mbele kidogo. Akipinda magoti virudi nyuma. Hapo ndipo penyewe.

Soksi ni moja. Nasema tena: moja, nyembamba. Mwanangu alivaa mbili siku ya kwanza, tena nilimvalisha mimi. Soksi ya pili ilijikunja, ikabana damu, na kufika saa 5 alikuwa havihisi vidole vyake. Suruali ya ndani nayo isiingie kwenye buti, iishie juu yake. Kinachoingia ndani ya buti ni mguu na soksi, basi.

Halafu fundi atakuuliza uzito. Nilikuwa na shemeji mbele yangu kwenye foleni.

"Uzito, mama?"

Akataja namba ambayo nadhani aliipima siku ya harusi yake. Mumewe akakohoa.

Fundi haulizi kwa umbea. Kifungio kinachoshika buti kwenye mbao hupangwa kwa uzito, urefu, umri, urefu wa soli na uzoefu wako, ili ukianguka vibaya kiachie mguu kabla haujajipinda. Ukipunguza kilo, kitaachia ukiwa unageuka tu. Ukiongeza, hakitaachia pale kinapotakiwa. Taja uzito wa kweli, kwa ratili: kilo moja ni ratili 2.2. Na ukijiita mzoefu ili usionekane mgeni, umefanya kosa hilohilo.

Mbao za anayeanza zifike kati ya kifua na kidevu. Ndefu zaidi ya hapo zinakimbia kuliko yeye. Ukinunua za mitumba, zipeleke kwa fundi kabla hujamlipa muuzaji kama anakubali, maana vifungio vya zamani sana maduka hukataa kuvigusa, na utabaki na pambo la ukutani.

## Hatua ya 6: Tiketi za wazazi na somo la kwanza

Kuna njia tatu, na inayokufaa inategemea utaenda mara ngapi.

Ukienda mara moja tu, tafuta kifurushi cha wanaoanza: lifti ya eneo la mafunzo, vifaa na somo kwa bei moja. Januari milima mingi huwa na ofa za wanaojifunza.

Ukienda mara mbili hadi nne, nunua siku hizo kwa pamoja wakati wa vuli. Epic Day Pass, pasi ya watu wazima ya milima ya Epic, inakuruhusu kuchagua idadi ya siku, kuanzia moja hadi saba, lakini huacha kuuzwa mapema Desemba. Milima inayojitegemea kama Loveland nayo huuza vifurushi vya siku kadhaa kabla msimu haujakolea. Kwa tiketi ya siku moja, mtandaoni siku kadhaa kabla karibu kila mara ni nafuu kuliko dirishani.

Ukiona mmeupenda mchezo, ulizia Loveland kuhusu mpango wao wa masomo matatu, ambao ukiyamaliza hukupa pasi ya msimu. Kwa mtu mzima anayeanza kutoka sifuri, sijaona hesabu inayokaribia hiyo.

Usimfundishe mkeo. Usimfundishe mumeo. Nimeshuhudia ndoa ya miaka 14 ikitikisika kwenye mteremko wenye urefu wa basi. Mwalimu anamfundisha mtoto kuzibana ncha za mbao mbele na kuzitanua nyuma, umbo la kipande cha pizza, na ndani ya saa mbili mtoto anajua kusimama. Wewe utamwambia "tulia" mara 60 na hataelewa atulie vipi.

Mwanao akikuambia skii ni ya watoto wengine, mwambie kuhusu Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, aliyeiteremkia Kenya kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya 2018 kule PyeongChang. Kwangu hadithi hiyo ilifanya kazi kuliko peremende.

Umefaulu mtoto akiweza mambo mawili: kusimama anapotaka, na kushuka kwenye kiti cha lifti bila kubebwa. Kabla ya hapo usimpandishe juu, hata akilia.

## Hatua ya 7: Barabara

Kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 31 Mei, kipande cha I-70 kati ya Morrison na Dotsero kina sheria ya matairi kila siku, iwe theluji inaanguka au jua linawaka. Mistari ya tairi iwe na kina cha angalau 3/16 ya inchi, kama milimita 5. Tairi liwe la theluji au lenye alama ya M+S, la sivyo uwe na minyororo ndani ya gari. Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne nalo halisamehewi tairi kipara. Faini inazidi dola 130, na ukiziba barabara inazidi dola 650. Hiyo ni bajeti ya msimu mzima ya watoto wawili.

Jipime nyumbani. Chukua sarafu ya senti 25, iingize kwenye mstari wa tairi kichwa cha Washington kikiwa chini. Ukiona kilele cha kichwa chake, tairi limekwisha.

Ondokeni Aurora saa 11 alfajiri, watoto wamelala wakiwa na nguo za ndani tayari. Ukiondoka saa 1 na nusu utaikuta foleni Idaho Springs. Kurudi, ama mwondoke kabla ya saa 7 mchana au mkae mpaka jioni mle kwanza. Njia ya kulipia iliyo pembeni ya I-70 haina bei moja, hupanda foleni inapokua, kwa hiyo soma ubao kabla ya kuingia.

Kama huna gari linalofaa, usikodi. Kuna njia tatu:

- Snowstang, basi la idara ya barabara ya Colorado, huondoka Denver Union Station wikendi za msimu. Kwa milima ya karibu nauli ya kwenda na kurudi imekuwa dola 25.
- Winter Park Express, treni ya Amtrak, hutoka Union Station asubuhi na kuwashusha karibu kabisa na lifti baada ya saa mbili hivi, ikipitia handaki la Moffat lenye urefu wa kilomita 10. Mtoto wa miaka 2 hadi 12 akiwa na mtu mzima hulipa nusu. Wangu walifurahia treni kuliko skii, sikulalamika.
- Basi namba NB la RTD, shirika la usafiri wa umma la Denver na vitongoji, kutoka Boulder hufika hadi Eldora wakati wa msimu. Ni basi la kawaida kwa nauli ya kawaida, na wenye miaka 19 kurudi chini husafiri bure kwenye RTD. Ni safari ndefu ukitokea Aurora, mabasi matatu pengine, lakini sijui njia nyingine inayomfikisha mtoto kwenye lifti kwa sifuri.

## Hatua ya 8: Chakula kitoke nyumbani

Hapa hatuhitaji kufundishwa na mtu. Chapati zilizokunjwa na mayai ndani, maandazi, ndizi, njugu. Chupa moja ya chai ya tangawizi, nyingine ya uji wa ulezi. Uji huo ndio uliowahi kumrudisha binti yangu kwenye mteremko baada ya kuapa kwamba hatoki tena ndani.

Milima mingi ina meza ambapo unaruhusiwa kula chako. Kuleni saa 5, kabla ya msongamano. Weka chakula kwenye mfuko mmoja wenye rangi kali, kwa sababu kila familia huacha mifuko yake chini ya meza na yote ni myeusi. Pilau iache nyumbani: ikipoa mafuta yanaganda, na huko juu kila kitu hupoa.

## Hatua ya 9: Siku yenyewe

Piga picha ya kila mtoto asubuhi mkiwa kwenye maegesho, na nguo zote. Akipotea, utaulizwa amevaa rangi gani, na kwa hofu hutakumbuka. Namba yako ya simu iandikwe kwenye karatasi ndani ya mfuko wa koti lake.

Paka mafuta ya jua usoni, chini ya pua na chini ya kidevu. Ngozi nyeusi nayo huungua, maana mwanga unarudi kutoka kwenye theluji na kupiga kutokea chini. Vaseline kwenye midomo na mashavu.

Haja ndogo kabla ya buti. Usicheke. Kumvua mtoto tabaka nne, kumpeleka, kumvisha tena, ni dakika 25 za tiketi yako.

Pumzikeni kila baada ya saa moja na nusu. Majeraha mengi niliyoyaona yalitokea kwenye ule mteremko wa "mara ya mwisho", saa 9 alasiri, miguu imeshachoka. Acheni wakati bado wanataka.

## Ukitaka kulala huko

Sipendekezi kwa mara ya kwanza. Lakini kama ndugu wamekuja kutoka Texas na mnataka wikendi, laleni Dillon, Silverthorne au Frisco badala ya chini ya lifti, mahali penye jiko. Basi la Summit Stage ni bure, na huunganisha miji hiyo na Keystone, Breckenridge na Copper, kwa hiyo hamlipii maegesho.

Keystone ina jambo la kuangalia kwa makini: ukilala usiku mbili au zaidi kwenye nyumba za mlima wenyewe, watoto wa miaka 12 kurudi chini huteleza bure. Kwa mwenye watoto wanne, chumba ghali kinaweza kuwa nafuu. Piga hesabu zote mbili kwenye karatasi.

## Kama mwaka huu pesa haipo kabisa

Theluji haihitaji lifti. Hidden Valley, ndani ya hifadhi ya Rocky Mountain, ni mahali pa kuteleza kwa vibao vya plastiki. Unalipia kiingilio cha hifadhi tu. Mtoto wa darasa la 4 anaweza kupata pasi ya Every Kid Outdoors inayoiingiza familia nzima bure. Kwa hifadhi za jimbo, maktaba nyingi za Colorado huazimisha pasi ya gari kama zinavyoazimisha kitabu.

Kibao kimoja, watoto watatu, zamu kwa zamu. Kofia ngumu hata hapo.

## Mkirudi

Usiku huohuo, hata kama mmechoka, toa soksi nene za ndani ya buti uziache zikauke mbali na hita, maana joto kali huziharibu na duka litakutoza. Futa kingo za chuma za mbao kwa kitambaa kikavu, la sivyo Jumamosi ijayo utakuta kutu. Na tazama mkataba wa kukodi: una tarehe ya kurudisha, kwa kawaida wakati wa masika, na kuchelewa kuna faini. Rafiki yangu alizikumbuka mbao za watoto mwezi Julai, akitafuta jiko la mkaa gereji.